Kuta za Kilwa na Dhahabu ya Geita

Mgeni ashukaye kwenye mashua Kilwa Kisiwani hupokewa na Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa bahari. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512; kuta zionekanazo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliofuata. Karibu yake upo Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11. Ukiifuata pwani kuelekea mashariki, utafika Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331.

Fahari hiyo ilitokana na dhahabu, ingawa Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ikatoza ushuru. Wareno walipojiimarisha Sofala mwaka uleule wa 1505, Kilwa ilianza kupoteza riziki yake.

Sisi wa Shinyanga na Geita tuisome historia hii kutoka upande wa machimbo. Majina ya masultani yamehifadhiwa. Ya wachimbaji hayamo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na dhahabu ikishavunwa haioti tena. Migodi hulipa halmashauri zetu ushuru wa huduma. Basi kila bajeti inaposomwa, tuwaulize madiwani: ushuru huu umejenga nini kitakachosimama mashimo yatakapofungwa?