Gari kuukuu kuchemsha baada ya kubadilishwa injini: Chanzo kitafutwe wapi?

Na Mwandishi Wetu

KUBADILISHA injini ya gari kuukuu ni jambo la kawaida katika gereji nyingi za Afrika Mashariki. Injini zilizotumika, nyingi zikiwa zimetoka Japani, huuzwa katika maduka ya vipuri, na kwa mwenye teksi au gari la shamba hiyo huonekana kuwa njia nafuu kuliko kuifanyia injini ya zamani ukarabati mkubwa.

Hata hivyo, furaha ya kulisikia gari likinguruma upya huweza kukatizwa na mshale wa geji ya joto unaopanda kuelekea alama nyekundu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Injini ikichemka kwa dakika chache tu, silinda hedi ya aluminiamu huweza kupinda, gasketi ikaungua, na akiba iliyonunua injini ikawa imeteketea.

Jambo la kutia moyo ni kwamba chanzo cha joto hilo mara nyingi si injini yenyewe, bali ni namna ilivyounganishwa na gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Chanzo hicho hupatikana iwapo upimaji utafuata utaratibu, badala ya kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha.

Je, joto ni la kweli?

Swali la kwanza ni iwapo injini imepata joto kweli au geji inadanganya. Geji iliyoko kwenye dashibodi hupokea taarifa kutoka kwenye sensa yenye waya, ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata joto. Geji ya gari la zamani ilitengenezwa kusomana na sensa ya injini ya zamani. Ikiunganishwa na sensa ya injini nyingine yenye ukinzani tofauti, mshale huweza kupanda hadi karibu na nyekundu ilhali maji yako katika joto la kawaida.

Aidha, injini nyingi zinazotumia kompyuta huwa na sensa mbili: moja ya geji, nyingine ya kompyuta. Fundi akizichanganya, geji husoma makosa na kompyuta nayo hutoa mafuta kwa kiasi kisichofaa.

Kipo kipimo rahisi kwa upande wa umeme. Mshale ukiruka ghafla pale taa kubwa zinapowashwa, waya wa ethi kati ya injini na bodi la gari haukufungwa vizuri au haukurudishwa kabisa. Tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja ikizungushwa kwa wingi kwenye nyuzi za sensa, nayo huweza kuharibu ethi ya sensa hiyo.

Njia ya uhakika ni kutumia kipimajoto cha miali, ambacho huelekezwa kwenye mdomo wa kutolea maji wa injini. Kwa kuwa chuma kinachong'aa hukifanya kipimo hicho kisome chini ya joto halisi, yafaa kubandika kipande cha tepu nyeusi mahali panapopimwa. Injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 80 na 100. Kipimo kikisoma nyuzi 90 huku geji ikionyesha hatari, rejeta haina kosa. Dawa ni kuhamisha sensa ya zamani kwenye injini mpya, iwapo nyuzi zake zinalingana, au kufunga geji mpya pamoja na sensa yake.

Joto hupanda wakati gani?

Ikithibitika kuwa joto ni la kweli, dereva aulizwe linapanda wakati gani. Jibu lake hupunguza kazi kwa nusu.

Gari likichemsha kwenye foleni lakini likatulia linapokimbia, tatizo liko kwenye feni na upepo. Likitulia mjini lakini likachemsha kwenye mwendo mkali au mlima mrefu kama Kitonga mkoani Iringa, tatizo liko kwenye mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Mshale ukipanda na kushuka ghafla bila mpangilio, huenda kuna hewa ndani ya mfumo. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, thamostati au gasketi ya silinda hedi hushukiwa kwanza.

Hewa iliyonaswa

Baada ya kubadilisha injini, mfumo wa maji hujazwa ukiwa mtupu kabisa. Injini iliyobuniwa kukaa kwa upana wa gari ikigeuzwa na kukaa kwa urefu, mdomo wake wa maji huweza kuangukia nyuma, karibu na ukuta wa kabini, na mipira ikapita juu kuliko mfuniko wa rejeta. Hewa hukimbilia mahali hapo pa juu na kubaki, na sensa inayoguswa na mvuke badala ya maji husoma ovyo.

Kuitoa, gari liinuliwe upande wa mbele ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine zote. Hita ifunguliwe hadi mwisho, kisha maji yajazwe polepole injini ikiwa ya baridi na mfuniko ukiwa wazi, ikiachwa ingurume hadi thamostati ifunguke na mapovu yakome. Endapo mahali pa juu ni kwenye bomba, pawekwe skrubu ya kutolea hewa.

Thamostati isitupwe

Katika gereji nyingi dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kutoa thamostati na kuitupa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza jambo hilo, na sababu yake inaeleweka.

Katika injini nyingi za Kijapani, thamostati ina kazi mbili. Inapofunguka kuruhusu maji yapite kwenye rejeta, sahani yake ya pili huifunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kufika kwenye rejeta. Hivyo hatua iliyokusudiwa kupunguza joto huliongeza, hasa kwenye mzigo mkubwa.

Kuipima hakuhitaji mashine. Itumbukizwe ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, kisha maji yachemshwe. Thamostati ya nyuzi 82 huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika nyuzi 95 inapaswa kuwa imefunguka kwa milimita 8 au zaidi. Isipofanya hivyo, inunuliwe nyingine ya aina ileile, na irudishwe upande sahihi, chemchemi ikielekea kwenye injini.

Feni na upepo

Feni ya umeme ikiunganishwa waya kinyume, huzunguka upande usiofaa na kushindana na upepo unaoingia kwa mbele. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta wakati feni iliyo nyuma yake inazunguka, kinapaswa kuvutwa na kunata. Kikisukumwa, feni inapuliza kinyume.

Swichi ya feni nayo yahitaji kueleweka. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, swichi hiyo hukata umeme wa ethi maji yanapopata moto, na relei ikaiwasha feni. Hivyo, waya wa swichi ukichomolewa wakati ufunguo uko kwenye nafasi ya kuwasha, feni inapaswa kuzunguka. Magari mengine hufanya kinyume. Fundi anayechanganya swichi ya mfumo mmoja na nyaya za mfumo mwingine huishia na feni inayozunguka injini ikiwa ya baridi na kusimama ikiwa ya moto.

Kwa feni inayofungwa kwenye injini, jambo linalosahauliwa ni kava linaloelekeza upepo. Injini mpya ikiwa fupi au ndefu kuliko ya zamani, feni hukaa mbali na rejeta au kava hutolewa kabisa ili lisiguse. Bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Rejeta, mfuniko na pampu

Takriban theluthi ya nishati ya petroli hugeuka kuwa joto linalobebwa na maji ya injini. Kwa hiyo, injini inayotoa nguvu zaidi huidai rejeta kazi zaidi. Land Rover Series III ya silinda nne ilikuwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 yenye nguvu za farasi zipatazo 70. Ikipachikwa injini ya dizeli ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, ambayo hutoa farasi karibu 130, rejeta ya awali huenda ikatosha gari likiwa tupu kwenye tambarare, lakini si likiwa limebeba mzigo mlimani.

Rejeta kuukuu huweza pia kuwa imeziba. Kipimajoto cha miali kikipitishwa juu yake, sehemu zilizo baridi kuliko nyingine huonyesha mirija isiyopitisha maji. Maji ya visima yenye chumvi, hasa maeneo ya pwani, huharakisha kutu na magadi ndani ya mirija. Mchanganyiko wa kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu, huzuia kutu na huchelewa kuchemka.

Mfuniko wa rejeta haupaswi kudharauliwa. Mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima unaoshikilia shinikizo la bar 0.9 huyafanya yasichemke hadi nyuzi 115 au zaidi. Mfuniko uliochoka huondoa kinga hiyo yote.

Mpira wa chini nao uangaliwe injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Ukifyonzwa na kubonyea, umechoka au hauna waya wa kuukaza ndani, na pampu inakosa maji. Vilevile, njia ya mkanda isibadilishwe bila kufikiri: pampu iliyobuniwa kuzungushwa na mgongo wa mkanda huzunguka kinyume ikizungushwa na upande wa ndani, na mapanga yake hayasukumi maji ipasavyo.

Taimingi na gasketi

Injini inayochelewa kuwasha cheche huunguza mafuta kwa kuchelewa na kuongeza joto kwenye kuta za silinda na njia za moshi. Kwa injini ya Toyota 4A-FE yenye distribyuta, taimingi hupimwa injini ikiwa ya moto na matundu ya TE1 na E1 ya soketi ya kupimia yakiwa yameunganishwa kwa waya, na alama inapaswa kuwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha matundu hayo, kompyuta hubadilisha taimingi yenyewe na fundi hupima kisichopimika.

Yakishindikana yote, ndipo injini yenyewe ishukiwe. Injini iliyotumika huenda ilikwisha kuchemka huko ilikotoka. Dalili za gasketi iliyoungua ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, mipira kuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha injini ya baridi, moshi mweupe mzito usioisha, na oili kufanana na chai ya maziwa. Kipo kimiminika cha bluu ambacho hugeuka njano kikikutana na gesi ya moshi juu ya maji ya rejeta, na huthibitisha tatizo bila kufungua silinda hedi.

Ni vyema kipimo hicho kifanyike mapema, kabla muda wa dhamana aliyoitoa muuzaji haujapita, na matokeo yaandikwe pamoja na tarehe. Mnunuzi asiye na maandishi hubaki akibishana na muuzaji, huku kila upande ukimtupia lawama fundi.

Tahadhari

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yenye shinikizo huruka na kuunguza uso na mikono. Mtu asubiri hadi mpira wa juu uweze kushikwa bila kuunguza. Maji baridi yasimiminwe kwenye injini iliyochemka, kwa kuwa huweza kupasua chuma.

Geji inapofika nyekundu njiani, kiyoyozi kizimwe na hita ifunguliwe hadi mwisho huku gari likitafutiwa mahali salama pa kusimama, kisha injini izimwe. Kilomita mbili zinazoendeshwa kwa kulazimisha ili kufika gereji huweza kugharimu zaidi ya vipuri vyote vilivyotajwa hapa.

Kwa mwenye gari, kanuni ya kuzingatia ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kulijaribu gari katika barabara ileile lilikochemsha, na kuandika joto lililopimwa. Fundi anayebadilisha thamostati, pampu na mfuniko siku moja huenda akalitibu gari, lakini hatajua ni kipi kilichokuwa na kosa, na mteja atakuwa amelipia vyote vitatu.