Ngamia, virusi na wakazi wa Xiaobei

Mwezi Aprili mwaka 2020, Waafrika waishio Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara mjini Guangzhou, kusini mwa China, walifukuzwa katika nyumba walizopanga kwa hofu ya virusi vya Korona. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliwasilisha malalamiko rasmi.

Hata hivyo, historia ya magonjwa ya jamii hiyo yaonyesha kwamba virusi havina uraia. SARS ilizuka mwishoni mwa mwaka 2002 katika mkoa huo huo wa Guangdong, na ikahusishwa na fungo waliouzwa masokoni. Mwezi Mei mwaka 2015, mgonjwa wa MERS, raia wa Korea Kusini, alilazwa mjini Huizhou, mkoani humo.

Virusi vya MERS viligunduliwa mwaka 2012 nchini Saudi Arabia, na baadaye ikathibitishwa kuwa hubebwa na ngamia. Lakini wataalamu walipopima damu ya ngamia wa Somalia iliyohifadhiwa tangu mwaka 1983, walikuta kingamwili za virusi hivyo. Damu ya ngamia wa Kenya, iliyohifadhiwa tangu mwaka 1992, ilitoa ushahidi kama huo. Kumbe wafugaji waliishi karibu na virusi hivyo kwa miongo kadhaa pasipo kujua.

Kinga ni kuchemsha maziwa, kunawa mikono baada ya kuwashika wanyama na kuwapima mapema. Kumfungia mtu mlango kwa sababu ya asili yake hakuzuii maradhi.