Vocha ya mwenyekiti

Kila nikitoka Kasulu kwenda Kibondo na kuona mahindi na maharage kandokando ya barabara, nakumbuka vocha za pembejeo. Serikali ilizianzisha msimu wa 2008/09, na Kigoma ilikuwemo. Kaya iliyolima hekta 1 au pungufu ilipangiwa mbolea na mbegu; serikali nusu ya bei, mkulima nusu.

Hapo kwenye nusu ndipo palipokuwa na mambo. Asiye na pesa, vocha ilimpita. Utafiti wa vijiji vya Kilimanjaro uliochapishwa 2012 ulikuta karibu asilimia 60 ya vocha zimeishia kwa kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Kwa hiyo mwenyekiti kuhitaji mbolea si kosa. Swali ni nani anaandika orodha. Kamati ya vocha, wanaume 3 na wanawake 3, ilichaguliwa na mkutano wa kijiji, yaani sisi wenyewe.

Ruzuku ya mbolea ilirudi msimu wa 2022/23, na majina yakaandikishwa kijijini. Mkutano ukiitwa, jamani, twendeni.