Muhimbili: Chuo Kilichokulia Wodini

Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Muhimbili huanza na swali moja: yuko jengo gani? Kibasila, Mwaisela au Sewahaji? Wengi wanaopandisha ngazi za Sewahaji na chupa ya uji mkononi hawana habari kwamba hilo ni jina la mtu, tena tajiri hasa. Sewa Haji Paroo alikuwa Mhindi mzaliwa wa Unguja. Alitajirikia Bagamoyo kwa kuiuzia bidhaa misafara ya bara na kuitafutia wapagazi. Alifariki mwaka 1897, na ni mwaka huo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake. Wajerumani walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwa Sewa Haji.

Hospitali hiyo ilihudumia mji kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1956 Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, alizuru Dar es Salaam, na hospitali mpya ya Upanga ikapewa jina lake. Baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili.

Majengo yalikuwapo basi. Kilichokosekana ni daktari mzalendo. Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha wageni hesabu ile: Waingereza walitawala zaidi ya miaka 40, na walipoondoka waliacha wahandisi 2 na madaktari 12. Kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alifunga safari hadi Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, au alivuka bahari. Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alisomea Umoja wa Kisovieti.

Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, chini ya Wizara ya Afya. Haikuwa chuo kikuu. Nchi ilitaka watu wa kutibu, na ilikuwa na haraka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, shule hiyo ikapandishwa kuwa Kitivo cha Tiba katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kile chuo kimoja kilichokuwa na matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja kuanzisha kitivo chake.

Mtu angeweza kuuliza: nchi tatu maskini, zenye chuo kimoja, za nini shule tatu za udaktari wakati Makerere ipo na ina jina? Ni swali la haki kwa mtunza hazina. Lakini mwaka 1970 chuo cha pamoja kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Mwaka uliofuata Idi Amin akachukua madaraka Uganda, na Makerere ikapoteza walimu wake wengi. Kama Dar es Salaam ingeendelea kutegemea Kampala, sijui wodi za miaka ya sabini zingeendeshwa na nani.

Uamuzi uliokijenga chuo hiki zaidi ya mwingine wowote, kwa maoni yangu, ni ule wa mwaka 1976. Kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa chombo kimoja, Kituo cha Tiba Muhimbili. Aliyefundisha ndiye aliyetibu. Wanaoijua raundi ya asubuhi wanajua maana yake: profesa mbele, nyuma yake madaktari wanaosomea ubingwa, kisha mainteni, na mwishoni wanafunzi wenye makoti ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Mmoja anaitwa aeleze habari za mgonjwa. Anasoma vipimo kwenye faili kwa kujiamini, mpaka anaulizwa kama ameligusa tumbo. Hajaligusa. Somo linaanzia hapo, mbele ya mgonjwa mwenyewe, na wodi nzima inasikiliza.

Utafiti nao ulianzia kitandani. Kipindupindu kilipolipuka tena nchini Oktoba 1977, tetrasaiklini ilitumika kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wazima kama kinga. Fred Mhalu, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri wa mikrobiolojia, na wenzake walikuwa wakipima vimelea maabara. Mwezi wa kwanza, dawa iliviweza vimelea vyote walivyovipima. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la The Lancet. Leo kila mkutano wa afya unazungumzia usugu wa dawa kana kwamba ni jambo lililozuka juzi. Dar es Salaam ililipima zaidi ya miaka 40 iliyopita, na somo lake lilikuwa wazi: ukiwagawia dawa wasioumwa, utaikosa siku watakapoumwa.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na haikuchukua muda wodi za Muhimbili zikajaa. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado ndoto kwa mtu wa kipato cha kawaida. Katika hali hiyo watafiti wa Muhimbili, akiwamo Gernard Msamanga, wakishirikiana na Wafaie Fawzi wa Harvard, waliuliza swali dogo ambalo tajiri asingejisumbua nalo: je, vitamini zinaweza kusaidia? Kati ya 1995 na 1997 waliandikisha wajawazito 1,078 wenye virusi. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walipoteza mimba chache zaidi, na watoto wao waliozaliwa na uzito mdogo walipungua. Ripoti ya mwaka 2004 ikaonyesha kuwa hata ugonjwa wenyewe ulichelewa kwa akina mama hao. Vitamini A peke yake haikufua dafu. Vidonge hivyo havikuwa tiba ya Ukimwi na hakuna mtafiti aliyedai hivyo, ila vilikuwa bei nafuu na vilimpa mama muda.

Selimundu ina hadithi inayofanana. Kwa makadirio, hadi watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka, lakini kwa miaka mingi ulichukuliwa kama balaa la ukoo. Julie Makani, aliyesomea udaktari Muhimbili, alianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa hao kwa utaratibu, kliniki na maabara pamoja. Kundi hilo likawa miongoni mwa makubwa zaidi duniani kufuatiliwa na kituo kimoja, na mwaka 2011 Makani alipata tuzo ya Royal Society Pfizer.

Turudi kwenye ule muungano. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 Kituo cha Tiba kikavunjwa kwa sheria: chuo upande huu, Hospitali ya Taifa upande ule. Mwaka 2007 chuo kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Kisali Pallangyo. Ilikuwa talaka ya watu wanaoendelea kuishi nyumba moja. Profesa ni mwajiriwa wa chuo, chini ya wizara ya elimu. Wodi anamofundishia ni ya hospitali, chini ya wizara ya afya. Kila upande una bajeti yake na bosi wake.

Hata hivyo kazi haikusimama. Mwaka 2010 ilifunguliwa idara ya kisasa ya magonjwa ya dharura, na mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza, ya kwanza nchini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawa vituo vya umahiri, Uganda ilipewa saratani, Kenya figo, na Tanzania moyo na mishipa ya damu, chini ya MUHAS. Nchi zilizovunja chuo chao cha pamoja mwaka 1970 zimerudi kugawana kazi, safari hii kwa magonjwa.

Kituo hicho cha moyo kiko Mloganzila, nje kidogo ya jiji, ambako chuo kina ardhi ya zaidi ya ekari 3,800. Huko ndiko chuo kilikopata hospitali yake ya kufundishia, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kuzinduliwa Novemba 2017. Tangu izinduliwe haikumaliza mwaka mmoja mikononi mwa chuo. Mwaka 2018 ilihamishiwa Hospitali ya Taifa. Sababu za kiutawala huenda zilikuwapo. Lakini chuo kilichotoa majibu kuhusu kipindupindu na Ukimwi kwa sababu mwalimu wake alikuwa na kauli wodini, sasa kinafundishia katika wodi za wengine kila kiendako. Kama wizara hizi mbili zina mpango wa kupanua mafunzo ya ubingwa, suala la nani mwenye kauli wodini ndilo la kumalizwa kwanza.