Jina, Mto na Kisasili: Kutoka Boyne hadi Nanyuki

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa kisasili ni nini, hujibu kwamba ni masimulizi ya kale yanayoeleza chanzo cha jambo, kisha huishia hapo. Swali gumu hubaki: je, jina la mahali huzaliwa na kisasili, au kisasili huzuka ili kulieleza jina?

Tuwatazame kwanza Wakelti wa Ulaya ya kale. Mito yao ilikuwa na miungu wa kike. Seine ya Ufaransa ilikuwa ya Sequana, aliyekuwa na hekalu kwenye chemchemi yake. Marne inatokana na Matrona, yaani Mama. Huko Ayalandi husimuliwa kuwa Boann alikiendea kisima alichokatazwa, maji yakafoka, yakamfukuza na kuwa Mto Boyne. Masimulizi hayo yamo katika maandishi ya karne ya 12. Hata hivyo, Ptolemy alikwisha kuuandika mto huo kwa jina Buvinda katika karne ya 2, na wanaisimu hulifasiri jina hilo kuwa ng'ombe mweupe. Kisima hakimo ndani ya jina.

Huku kwetu Nyeri na viunga vya Mlima Kenya, mama yupo pia, lakini hakuipa mito majina. Katika kisasili cha Wakikuyu, mabinti wa Mumbi walizipa koo majina: Anjiru kutokana na Wanjiru, Ambui kutokana na Wambui. Majina mengi ya mito na miji yana asili ya Kimaasai. Nanyuki ni maji mekundu. Naro Moru hufasiriwa kuwa mawe meusi. Ewaso Nyiro ni mto wa maji ya hudhurungi. Katika Kimaasai, enkare, yaani maji, ni nomino ya jinsia ya kike, ndiyo maana sifa yake huchukua na-: Nanyuki, na vilevile Nairobi, maji baridi. Uke wa mito yetu, basi, umo katika sarufi. Hata Ngai, anayeaminiwa kukaa mlimani, jina lake lina uhusiano na Enkai ya Kimaasai, nomino ya kike imaanishayo Mungu na mvua pia.

Jambo hili si la darasani tu. Kufuatia mkataba wa 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia hadi kusini, na kufikia 1913 nyanda hizo zilikuwa za masetla. Watu waliondolewa, majina yakabaki. Anayebuni ngano tamu kulieleza jina Nanyuki bila kukitaja Kimaasai huwafuta watu hao mara ya pili.

Hivyo basi, mwalimu awaongoze wanafunzi kuuliza mambo mawili kila wakusanyapo masimulizi nyanjani: jina hili ni la lugha gani, na masimulizi yanawafunza nini wasimulizi wake? Swali la kwanza hujibiwa na isimu, la pili na fasihi. Mtahiniwa akiyatenganisha, hatakidharau kisasili kwa kukiita uongo, wala hatakigeuza hati ya historia.