Mtambaa wa Mpira

Kusini-magharibi mwa Madagaska, kwenye ukame na vichaka vya miiba, humea mtambaa wenye maua makubwa ya zambarau iliyopauka. Wataalamu huuita Cryptostegia grandiflora. Ukosapo mti wa kuushika, husimama wenyewe kama kichaka cha kimo cha mtu. Uupatapo, huuparamia hata mita 30 na kuufunika usione jua. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo una mpira ndani yake, na mifugo ikila mmea huo hudhurika.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 uliletwa Queensland, Australia, ukapandwa kama pambo katika miji ya wachimba madini. Ni vigumu kuwalaumu walioupanda: kwenye joto na vumbi lile, ua lisilodai maji ni neema. Lakini maganda yake, yanayozaliwa mawili mawili, hubeba mamia ya mbegu zenye manyoya laini. Upepo ulizitoa bustanini, na mafuriko yakazisomba kandokando ya mito. Miti ya kingoni ikasongwa, na ng'ombe wakazibiwa njia za kwenda kunywa maji.

Kwingineko kulikuwa na waliouthamini kwa utomvu wake. Mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya na visiwa vya jirani, na Marekani ikapoteza karibu mpira wake wote wa asili. Huko Haiti shirika la SHADA, lililoanzishwa mwaka 1941 kwa fedha za Marekani, likaanza kupanda mtambaa huu kwa wingi. Wakulima waliondolewa mashambani, miti yao ya matunda ikakatwa. Mpira ulikuwemo kweli, hilo halina ubishi. Ila ulikingwa tone kwa tone kwenye ncha za matawi, kazi ya kumaliza mikono ya kijiji kizima kwa mavuno haba. Mwaka 1944 mradi ulifungwa. Miti ya matunda haikurudi kwa kufungwa huko.

Huko Australia, ili kuuzuia mtambaa, watu walirudi kwenye asili ya mmea. Kwao Madagaska una maadui wanaoudhibiti, na maadui hao hawakusafiri nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliachiwa nondo Euclasta whalleyi, ambaye viwavi wake hula majani. Kisha ikafuata kutu ya majani, Maravalia cryptostegiae, kuvu aliyejaribiwa kwanza Uingereza, mbali na mimea ya Australia, na kuachiwa katikati ya miaka ya 1990. Huyo ndiye aliyeleta mabadiliko makubwa. Unga wake wa manjano hutanda chini ya majani, majani hupukutika kabla ya wakati, na maganda hupungua. Mwanga ukishapenya, nyasi huota chini ya mtambaa uliodhoofika, na wafugaji hungoja zikauke ndipo wauchome moto.