Kuhuisha Programu Kongwe za Kutengeneza Tovuti: Historia ya Zana Zilizosahaulika

Wanaohifadhi historia ya intaneti wamefanya kazi kubwa ya kuokoa kurasa. Tangu 1996, taasisi ya Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle, imekuwa ikikusanya nakala za tovuti za dunia nzima, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzifungua kupitia Wayback Machine. Zana zilizozizalisha kurasa hizo hazijapata matunzo ya kiasi hicho. Programu nyingi walizotumia watu kati ya 1995 na 2010 kutengeneza tovuti zao za kwanza hazikubali tena kuwekwa kwenye kompyuta mpya, na diski zake zinachakaa makabatini. Makala haya yanaeleza zana hizo zilivyozaliwa, zilivyokufa na zinavyorudishiwa uhai, na yanasimamia hoja moja: asiyehifadhi zana, siku moja atashindwa kuifungua hata kazi yenyewe.

Kutoka CERN hadi dukani

Mwaka 1990, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliandika programu ya kwanza ya wavuti kwenye kompyuta ya NeXT. Programu hiyo ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja, na msomaji aliweza kuandika palepale alipokuwa akisoma. Mpango huo haukuendelezwa na vivinjari vilivyofuata. Mosaic, kilichotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993 na kuieneza wavuti kwa umma, kilikuwa chombo cha kusomea. Aliyetaka kuchapisha alilazimika kuandika alama za HTML kwa mkono.

Pengo hilo ndilo lililozaa soko. Mwaka 1995, kampuni ya Sausage Software ya Melbourne, Australia, ilitoa HotDog, iliyomrahisishia mwandishi kazi ya kupanga alama hizo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Adobe ilitoa PageMill kwa watumiaji wa Macintosh, ambapo mtu alipanga maandishi na picha kwa macho bila kuona msimbo. Wakati huo kampuni changa ya Vermeer Technologies, ya Cambridge, Massachusetts, iliyoanzishwa na Charles Ferguson na Randy Forgaard, ilikuwa na programu iliyoitwa FrontPage. Januari 1996 Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa takribani dola milioni 130, na katika miaka michache FrontPage ikawa imesambaa katika maofisi na mashule duniani kote.

Zilifuata nyingine kwa kasi. Netscape Navigator Gold na NetObjects Fusion zilitoka 1996. HomeSite, iliyoandikwa na Nick Bradbury, ilinunuliwa na Allaire mwaka 1997. GoLive CyberStudio, yenye asili ya Ujerumani, iliwavuta wabunifu wa Macintosh. Desemba 1997 Macromedia ilitoa Dreamweaver, iliyokusudia kuunganisha kambi mbili zilizokuwa zikivutana: kambi ya waandika msimbo na kambi ya wapanga kwa macho. FrontPage ya awali ilikuwa na sifa mbaya ya kuandika upya msimbo wa mtumiaji bila kumuuliza. Dreamweaver ilijinadi kwa ahadi ya kutogusa kilichoandikwa kwa mkono, na ahadi hiyo iliipatia heshima miongoni mwa mafundi.

Kazi iliyofungiwa ndani ya zana

Wengi hudhani kwamba tovuti ni kurasa za HTML tu, na kwa kuwa HTML ni maandishi ya kawaida, kivinjari chochote cha leo kitazifungua. Kwa kurasa zilizotengenezwa kwa HotDog, HomeSite au Dreamweaver, hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa nyingine hali ni tofauti kabisa. NetObjects Fusion iliweka tovuti nzima, yaani maandishi, mpangilio na viungo vyake, ndani ya faili moja la aina ya NOD, na HTML ilizalishwa wakati wa kuchapisha tu. iWeb, iliyotolewa na Apple mwaka 2006, ilifuata utaratibu kama huo, na haikuweza kuhariri hata ukurasa wa HTML iliouzalisha yenyewe. Flash, programu ya kutengeneza michoro inayotembea, ilitenganisha faili la kazi, la FLA, na faili la kuonyeshwa kwa umma, la SWF. FrontPage nayo iliacha ndani ya kurasa maagizo yake maalumu, ambayo yalihitaji seva yenye viendelezi vya FrontPage ili kaunta ya wageni, fomu na kisanduku cha kutafutia vifanye kazi.

Kuhifadhi faili la NOD bila Fusion, basi, ni sawa na kutunza kanda huku umetupa redio-kaseti zote.

Kuna sababu nyingine inayomhusu mwanahistoria moja kwa moja. Lugha ya mitindo ya CSS ilipitishwa rasmi Desemba 1996, lakini vivinjari vya wakati huo viliielewa kwa shida. Kwa hiyo programu za kutengeneza tovuti zilipanga kurasa kwa majedwali yaliyofichwa mipaka, jedwali ndani ya jedwali, na kusukuma vitu kwa vijipicha visivyoonekana vya ukubwa wa pikseli moja. FrontPage ilikuja na mapambo tayari: rangi, vitufe na mandhari za nyuma zilizolingana. Anayetazama ukurasa wa 1999 huona uamuzi wa mwisho wa mtengenezaji. Anayeifungua programu yenyewe huona orodha nzima ya aliyoweza kuchagua, aliyoyaacha, na yale ambayo zana haikumruhusu kuyafanya. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini tovuti nyingi za kipindi hicho zilifanana.

Zilivyokufa

Baadhi ziliuawa na biashara. Adobe iliiacha PageMill mwaka 2000. Microsoft iliistaafisha FrontPage mwaka 2006 na kuleta Expression Web, ambayo nayo ilitolewa bure Desemba 2012 na kuachwa bila kuendelezwa. Desemba 2005 Adobe ilikamilisha ununuzi wa Macromedia, kwa hisa za thamani ya takribani dola bilioni 3.4, ikajikuta ina GoLive, iliyokuwa yake tayari, na Dreamweaver chini ya paa moja. GoLive ilisitishwa 2008, na HomeSite 2009. Flash ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020.

Nyingine ziliuawa na mashine. Programu nyingi za miaka ya 1990 ziliandikwa kwa biti 32, lakini kisakinishi chake kilikuwa cha biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo mara nyingi programu ambayo ingeweza kufanya kazi hukwama mlangoni. Tangu Windows Vista, Microsoft iliondoa pia kifungua-mafaili ya msaada ya zamani, na vitabu vya maelekezo vilivyokuwa ndani ya programu hizo vikafungwa. Upande wa Apple njia ilikuwa na mabonde zaidi. Kampuni hiyo ilihamia prosesa za PowerPC mwaka 1994, ikahamia Intel 2006, kisha ikaanza kutumia prosesa zake yenyewe Novemba 2020. Mfumo wa Lion wa 2011 uliacha programu za PowerPC, na Catalina wa 2019 ukaacha programu zote za biti 32. Kila hatua iliacha nyuma kizazi kizima cha zana.

Kundi la tatu liliuawa kwa kunyimwa ruhusa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni zilianza kuitaka programu iwasiliane na seva yao kuthibitisha leseni kabla ya kufunguka. Seva hiyo ikizimwa, hata aliyenunua kwa halali hubaki nje. Mfano unaojulikana ni wa Adobe CS2, mkusanyiko wa 2005 uliokuwa na GoLive ndani yake. Seva za uthibitisho zilipozimwa, Adobe mwanzoni mwa 2013 ilitoa matoleo yasiyohitaji kuthibitishwa kwa ajili ya wateja wake waliokuwa na leseni. Mei mwaka huohuo ilitangaza kwamba matoleo mapya yangepatikana kwa kulipia usajili tu. Programu ya kukodi haina diski ya kutunza, na hilo litawatesa wahifadhi wa kesho kuliko tatizo la biti 16.

Kuzirudishia uhai

Hoja ya mwigo, yaani kuifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani, ina wazee wake. Jeff Rothenberg wa taasisi ya RAND aliandika mwaka 1995, katika jarida la Scientific American, kuhusu hatari ya kupoteza hati za kidijiti, na mwaka 1999 akatetea mwigo kama njia ya kuziokoa. Wengi waliliona wazo hilo kuwa la gharama mno. Leo ndilo linalobeba kazi hii.

Fundi wa sasa ana njia kadhaa. Kwa programu za enzi ya Windows XP, mashine pepe ndani ya VirtualBox hutosha. Kwa zile za Windows 95 na 98, 86Box huiga kompyuta nzima ya Pentium, pamoja na kadi yake ya picha na ya sauti. PageMill na wenzake wa Macintosh huamka ndani ya Basilisk II, SheepShaver au QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard. Anayetumia Linux anaweza kujaribu Wine, iliyoanza 1993, ambayo huendesha programu za Windows bila Windows yenyewe.

Taasisi nazo zimeingia. Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kilibuni mfumo wa kutoa mwigo kupitia kivinjari, na Chuo Kikuu cha Yale kikaongoza juhudi za kuueneza katika maktaba za Marekani. Mwaka 2015 shirika la sanaa la Rhizome la New York liliutumia mfumo huo kurudisha michezo ya sidii ya Theresa Duncan ya miaka ya 1990. GeoCities, huduma ya tovuti za bure za watu binafsi, ilipofungwa na Yahoo mwaka 2009, wanaharakati wa Archive Team waliokoa sehemu kubwa ya kurasa zake, na wasanii Olia Lialina na Dragan Espenschied wamekuwa wakizionyesha kwa kutumia vivinjari vya wakati wake. Sheria imesogea kidogo pia: mwaka 2018 Marekani iliziruhusu maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka kuvunja vizuizi vya programu zisizouzwa tena, kwa ajili ya kuzihifadhi.

Ukoo mmoja haukuhitaji kufufuliwa kwa sababu haukufa. Machi 1998 Netscape iliuachia umma msimbo wake. Kihariri chake, Composer, kilirithiwa na Mozilla, kikazaa Nvu na baadaye KompoZer, na bado kimo ndani ya SeaMonkey. Msimbo ulio wazi umeishi muda mrefu kuliko kampuni iliyouandika.

Nafasi ya kompyuta isiyo na intaneti

Zana hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliolipia intaneti kwa dakika kupitia laini ya simu. Mtu alijenga tovuti yote kwenye kompyuta yake, akaijaribu hapohapo, kisha akaunganisha mtandao kwa muda mfupi ili kupakia mafaili. FrontPage ilikuja hata na seva ndogo ya kujaribia nyumbani. Kwa hiyo kuiendesha leo kwenye kompyuta iliyotengwa hakuipunguzii kitu.

Isitoshe, usalama unadai hivyo. Microsoft iliacha kuitolea Windows XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Programu za wakati ule hupakia mafaili kwa FTP, inayopeleka nywila wazi, na vivinjari vyake haviwezi kuzungumza na seva nyingi za sasa. Utaratibu salama ni kuinyima mashine pepe mtandao, kufanya kazi ndani yake, kuhamishia mafaili nje kwa folda ya pamoja, kukagua usimbaji wake wa herufi ili yawe ya UTF-8, kisha kuyapakia kwa programu ya kisasa.

Wajibu wa Afrika Mashariki

Historia hii inatuhusu. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kufanya kazi Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, pwani yetu haikuwa na kebo ya nyuzi chini ya bahari inayotumika, na intaneti ilitegemea setilaiti kwa bei kubwa. Tovuti za kwanza za magazeti, vyuo, wizara na mashirika yetu ni za kipindi hicho. Kompyuta zilizozalisha kurasa hizo zikifutwa au kuuzwa kama vyuma chakavu, mafaili ya kazi huondoka nazo, na nakala ya Wayback Machine haiwezi kuyarudisha, kwa sababu mafaili ya kazi hayakuwahi kupandishwa mtandaoni. Joto na unyevu wa pwani navyo havizihurumii diski za kuchoma.

Kazi ya kuokoa haihitaji bajeti kubwa. Idara ya nyaraka itoe nakala kamili ya kila diski ya programu, iandike namba ya leseni na kuhifadhi risiti, ikusanye mafaili ya kazi pamoja na kurasa zilizochapishwa, iiweke programu ndani ya mashine pepe isiyo na mtandao, na itunze nakala mbili katika majengo tofauti. Sheria za hakimiliki za nchi husika zisomwe kwanza, na pale zisipoitambua kazi ya uhifadhi, wakutubi na wanahistoria wazidai zibadilishwe. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha ukutubi na sayansi ya kompyuta vinaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi tangu muhula ujao. Nawe msomaji, ukiwa unajua ilipo diski ya tovuti ya kwanza ya taasisi yako, itolee nakala wiki hii, ingali inasomeka.